Kimo cha Mtoto na Daftari la Makuzi Yake

Makuzi ya mtoto ni kazi isiyo na kishindo. Yanapokwenda vyema hayajitangazi, na yanapozorota hayalii. Kwa sababu hiyo wazazi wanaolala na kuamka na mtoto nyumba moja aghalabu huwa wa mwisho kuitambua ila iliyoingia. Wa kwanza ni shangazi aliyekuja Idi baada ya kutoonekana mwaka mzima, au mwalimu apangaye mstari wa asubuhi na kuona kwamba mtoto yule yule ndiye wa mbele kila muhula. Au siku moja mdogo mtu husimama kando ya mkubwa wake, na mama akashtuka kuona kwamba bega la mdogo limelipita la mkubwa. Hapo ndipo fadhaa huzuka na maneno yakawa mengi. Mmoja husema ni ufupi wa ukoo, wa pili husema ni jicho la hasidi, wa tatu hutaja unga wa kurefusha watu unaouzwa madukani, na wa nne, ambaye si mara zote husikilizwa, hushauri mtoto apelekwe kwa tabibu ajuaye mambo ya makuzi. Makala haya yanamuunga mkono huyo wa nne, na yanakusudia kueleza wakati gani safari hiyo ni wajibu, mambo gani hufanyika huko, na kitu gani mzazi achukue mkononi ili safari yake isiwe ya bure.

Kabla ya kuamua kwamba mtoto amechelewa, yafaa tujue mwendo wa wasiochelewa. Mtoto aliyetimiza miezi yake tumboni huzaliwa na urefu wa karibu sentimita 50. Katika mwaka wa kwanza huongeza sentimita 25 hivi, kasi ambayo hatairudia tena katika aushi yake. Mwaka wa pili huongeza kama 12, na wa tatu kama 8. Kisha, tangu umri wa miaka 4 mpaka karibu na kubalehe, huenda kwa utulivu wa sentimita 5 hadi 7 kila mwaka. Balehe ikiwasili mwendo huchangamka upya: msichana huweza kuongeza sentimita 8 hivi katika mwaka wake wa kasi kubwa, na mvulana 9 au 10. Urefu huo wote hutokana na ukanda mwembamba wa gegedu ulio karibu na ncha za mifupa mirefu, na balehe inapokamilika, kwa wasichana wengi baina ya miaka 14 na 16 na kwa wavulana baina ya 16 na 18, ukanda huo hugeuka mfupa mtupu. Tangu hapo hakuna dawa, wala sindano, wala mazoezi ya kuning'inia mtini yatakayomwongezea mtu kimo. Ndiyo maana jambo hili, ingawa haliumi wala halitoi damu, lina muda wake, na muda huo ukipita haurudi.

Basi na tuchukue mfano wa wavulana wawili wa miaka 10, kila mmoja ana kimo cha sentimita 125. Wenzao wa rika hilo wana wastani wa 138 hivi, kwa hiyo wote wawili ni wafupi, tena wako ukingoni kabisa mwa mpaka wa chini wa chati. Ukiwasimamisha bega kwa bega hutaona tofauti baina yao. Walakini ukiambiwa kwamba mwaka uliotangulia wa kwanza alikuwa na sentimita 119.5 na wa pili alikuwa na 123, mambo hubadilika: yule wa kwanza ameongeza sentimita 5.5, naye aghalabu ni mtoto mzima wa siha aliyerithi ufupi wa wazazi wake. Wa pili ameongeza sentimita 2 tu, na ndani ya mwili wake kuna jambo linalomzuia, ambalo lazima litafutwe upesi. Kimo cha siku moja hakikutosha kuwatenganisha watoto hawa. Kilichowatenganisha ni kasi, na kasi haijulikani ila kwa tarakimu mbili zilizoandikwa kwa nyakati mbalimbali. Hilo ndilo neno kubwa la makala haya. Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari, na makuzi ya mtoto ni mali ya namna hiyo hiyo.

Daftari la kwanza la makuzi linalojulikana katika historia ya utabibu halikuandikwa na tabibu, bali na baba. Mwungwana mmoja wa Ufaransa, Philibert Guéneau de Montbeillard, alimpima mwanawe tangu alipozaliwa mwaka 1759 hata alipotimiza miaka 18 mwaka 1777, akirudia kila baada ya miezi 6 hivi, na rafiki yake Buffon akazichapisha tarakimu hizo katika kitabu chake kikubwa cha elimu ya viumbe. Wataalamu wa leo bado huchora mstari wa makuzi ya kijana yule, na ndani yake huonekana bayana kasi ya utotoni, utulivu wa kati na mruko wa balehe. Kwa upande wa chati zinazotumika sasa katika kliniki zetu, Shirika la Afya Duniani lilizitoa mwaka 2006 kwa watoto walio chini ya miaka 5, baada ya kuwapima watoto wapatao 8,500 katika nchi 6, yaani Brazili, Ghana, India, Norwe, Omani na Marekani, kati ya mwaka 1997 na 2003. Ilibainika kwamba watoto wadogo walionyonyeshwa vyema na kutunzwa vyema, wawe wa Accra, wa Maskati au wa Oslo, hukua kwa namna moja karibu sawasawa. Kwa hiyo kusema kwamba watoto wetu ni wafupi kwa kuwa ndivyo tulivyoumbwa ni kauli isiyo na ushahidi kwa mtoto mchanga, na mara nyingi ni udhuru wa kufunika njaa au maradhi.

Sisi daftari tunalo, ila tunalifunga mapema mno. Mama wa Tanzania hupewa kadi ya kliniki, na wa Kenya kijitabu cha mama na mtoto, na kila mwezi mtoto huning'inizwa kwenye mizani na uzito wake ukatiwa alama. Lakini katika vituo vingi vyenye msongamano urefu haupimwi, au hupimwa kwa haraka. Na mtoto akishamaliza chanjo zake kadi huwekwa sandukuni pamoja na cheti cha kuzaliwa, isionekane tena hata siku ya kuandikishwa shule. Kutoka hapo mpaka balehe, muda wa miaka mingi, mtoto hana mwandishi. Daktari akiuliza, “Mama, mwaka jana wakati kama huu alikuwa na sentimita ngapi?” mama hujibu, “Sijui, daktari, ila sketi ya shule niliyomshonea mwaka juzi bado inamtosha.” Jibu hilo si la kudharauliwa. Sketi inayomtosha mtoto wa miaka 8 kwa miaka 2 mfululizo, isishushwe upindo, na viatu vinavyochakaa kabla ya kubana, ni ushahidi wa kweli. Bali ni ushahidi usio na tarakimu, na daktari atalazimika kungoja miezi 6 au mwaka ili apate kasi ambayo mzazi angeweza kuja nayo siku ile.

Kupima si kazi ngumu, mradi ifanywe kwa uangalifu. Mtoto ambaye hajatimiza miaka 2 hupimwa akiwa amelazwa chali juu ya ubao, na aliyeipita hupimwa wima, wala vipimo hivyo viwili visichanganywe, maana aliyelala humzidi aliyesimama kwa milimita 7 hivi. Anayesimama na avue viatu na soksi. Misuko iliyofungwa utosini ifunguliwe, kwa kuwa fundo la nywele huweza kuongeza makuzi ya mwaka mzima. Visigino, makalio na mabega viguse ukuta, na macho yatazame mbele bila kuinuliwa. Kisha ubao mdogo au kitabu chenye jalada gumu kishushwe, kikiwa pembe mraba na ukuta, mpaka kiguse utosi, na alama ya penseli itiwe chini yake. Saa iwe ile ile kila mara, kwa sababu uti wa mgongo hubanana kadiri mchana unavyokwenda, na mtoto yule yule huwa mfupi jioni kuliko alfajiri kwa sentimita 1 au zaidi. Mara 2 kwa mwaka zatosha. Anayepima kila wiki hujitia wasiwasi wa bure, kwa kuwa kosa la mkono litashinda makuzi yenyewe.

Je, ni lini mzazi aondoke nyumbani? Aondoke ikiwa mtoto yuko chini ya mstari wa mwisho wa chati. Au ikiwa alikuwa akifuata mstari mmoja na sasa, baada ya kutimiza miaka 3, anateremka kutoka mstari hadi mstari. Au ikiwa baina ya miaka 4 na balehe anaongeza chini ya sentimita 5 kwa mwaka. Au ikiwa ni mfupi mno kwa kulinganisha na wazazi wake wote wawili. Asingoje tarakimu yoyote ikiwa ufupi umefuatana na maumivu ya kichwa na kupungukiwa na nuru ya macho, au na ulegevu wa mwili, choo kigumu, ngozi kavu na kuhisi baridi watu wengine wanapotokwa na jasho. Vilevile msichana aliyetimiza miaka 13 pasipo matiti kuchomoza, na mvulana aliyetimiza 14 pasipo dalili yoyote ya balehe, wana haki ya kuonwa, hata kama kimo chao hakijamtia mtu mashaka.

Safari huanzia zahanati au kituo cha afya, hupitia kwa daktari wa watoto, na kwa barua ya rufaa humfikia daktari bingwa wa homoni za watoto. Mabingwa hao walikuwa adimu sana katika sehemu zetu za Afrika, hata mwaka 2008 kikaanzishwa Nairobi, katika Hospitali ya Watoto ya Gertrude's, kituo cha kuwafundisha madaktari wa watoto elimu hiyo. Na kwa waliohitimu hapo kutoka Kenya, Tanzania, Uganda na nchi nyingine, kliniki za fani hii zimepata watumishi katika hospitali kubwa za rufaa, kama vile Muhimbili na Kenyatta. Bado ni wachache, na foleni ni ndefu. Kwa hiyo mzazi afike akiwa amejiandaa. Achukue kadi ya kliniki hata ikiwa imechanika, tarakimu zote alizoandika, dawa ambazo mtoto hutumia, na picha za miaka iliyopita zikiwapo. Na wazazi wote wawili wakiweza wafuatane, kwa sababu wao pia watapimwa.

Katika chumba cha daktari jambo la kwanza ni maswali, nayo ni mengi. Mtoto alizaliwa na uzito gani, na kwa mwezi wa ngapi? Anakula nini, si kwa kutaja vyakula bali kwa kueleza siku ya jana tangu asubuhi hadi usiku? Ameugua nini, na amelazwa mara ngapi? Mama alivunja ungo akiwa na miaka mingapi, na baba alivunja sauti akiwa darasa la ngapi? Maswali haya ya mwisho huwatia baadhi ya wazazi haya, lakini yajibiwe kwa uaminifu, kwani ndani yake huweza kuwamo ufumbuzi wote. Kisha mtoto hupimwa kimo mara 2 au 3, akapimwa urefu wa mikono iliyonyoshwa na uwiano wa miguu na kiwiliwili, akatazamwa meno, shingo, viganja na dalili za balehe. Mtazamo huo wa maungo hufanywa mzazi akiwapo na kwa ridhaa ya mtoto, nao si utovu wa adabu bali ni sehemu ya tiba.

Hapo daktari hufanya hesabu ambayo kila mzazi anaweza kuifanya. Huchukua kimo cha baba na cha mama, huvijumlisha, kwa mvulana huongeza 13 na kwa msichana hupunguza 13, kisha hugawa kwa 2. Baba mwenye sentimita 172 na mama mwenye 155 watarajie mtoto wa kiume wa 170 hivi na wa kike wa 157 hivi, akizidi au akipungua kwa sentimita zipatazo 8 au 9. Mtoto ambaye mwendo wake unaelekea ndani ya kadirio hilo hana taksiri kwa kuwa mfupi. Ni amana ya ukoo wake aliyoipokea kamili.

Baada ya hayo huchukuliwa eksirei ya mkono wa kushoto. Wazazi wengi hustaajabu, kwa kuwa mkono haukuvunjika wala hauumi. Lakini mifupa midogo ya kiganja huonekana mmoja baada ya mwingine kwa utaratibu maalumu, na kwa kuitazama daktari hukadiria umri wa mifupa, ambao si lazima ulingane na umri wa cheti. Kitabu cha picha cha Greulich na Pyle, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1950, ndicho kinachotumika sana, nacho kilitokana na watoto wa mji wa Cleveland nchini Marekani, kwa hiyo daktari mwenye hadhari hukisoma kama kadirio, asikifanye hukumu. Kijana wa miaka 13 mwenye mifupa ya miaka 11, ambaye babaye naye alichelewa kubalehe, ana miaka 2 ya akiba. Atakua wenzake wakishasimama, na dawa yake ni subira. Vipimo vya damu hufuata kwa kadiri ya haja: wingi wa damu, figo, selimundu, homoni ya tezi ya thairoidi, na kwa msichana aliye mfupi pasipo sababu bayana, uchunguzi wa kromosomu.

Na sababu zenyewe ni zipi? Kubwa kuliko zote katika nchi zetu ni lishe duni ya siku 1,000 za mwanzo, yaani tangu mimba kutungwa mpaka mtoto kutimiza miaka 2, na udumavu utokanao nayo. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba Tanzania asilimia 30 ya watoto walio chini ya miaka 5 wamedumaa, na Kenya asilimia 18. Jambo la kuzingatiwa sana ni kwamba Iringa, Njombe na Rukwa, mikoa inayosifika kwa mahindi, imo katika mikoa iliyoathirika zaidi Tanzania. Maana tumbo hushiba kwa uji mtupu, lakini mfupa hutaka maziwa, mayai, dagaa, maharage, karanga na mboga za majani. Baada ya lishe huja maradhi ya kudumu, kama selimundu, moyo, figo, virusi vya Ukimwi visivyotibiwa, na pumu inayotulizwa kwa vidonge vikali kwa muda mrefu. Wengine ni wafupi kwa kurithi, na wengine ni wachelewaji tu. Kisha huja wachache ambao kwao daktari bingwa ni mkombozi hasa. Mtoto ambaye tezi yake ya thairoidi imelegea hukua tena kwa kidonge kimoja kila siku, na ikiwa amezaliwa na ila hiyo, kidonge hicho kikianza mapema huokoa hata akili yake. Msichana mwenye hali iitwayo Turner, ambayo humpata mmoja katika wasichana wapatao 2,500, huhitaji kuangaliwa moyo na kusaidiwa kubalehe. Na yuko ambaye tezi iliyo chini ya ubongo haitoi homoni ya ukuaji kwa kiasi kinachotosha.

Kuhusu homoni hiyo yapasa kusemwa ukweli wote. Mwaka 1958 ilitangazwa kwamba daktari Maurice Raben wa Marekani amemtibu mgonjwa kwa homoni iliyokamuliwa katika tezi za maiti, na kwa muda wa miaka 27 watoto wakatibiwa hivyo, mpaka mwaka 1985 ilipogundulika kwamba baadhi yao waliambukizwa maradhi ya ubongo yasiyo na tiba. Njia hiyo ikaachwa, na mwaka huo huo homoni iliyotengenezwa maabara ikapata idhini nchini Marekani. Hiyo ndiyo itumikayo leo: sindano ndogo chini ya ngozi, kwa kawaida kila usiku, kwa miaka mingi, ikihifadhiwa kwenye baridi, nayo ni ghali kiasi cha kuulemea mshahara. Kwa mtoto mwenye upungufu wa kweli, matokeo yake ni makubwa, na kadiri inavyoanza mapema ndivyo inavyofaa zaidi. Kwa mtoto mzima wa siha aliye mfupi kwa kurithi huongeza sentimita chache tu. Kwa hiyo daktari anayesita kuiandika hafanyi uchoyo. Anapima faida dhidi ya mzigo. Ama zile poda na vidonge vya kurefusha vinavyotangazwa kwa ahadi kubwa, havijui kama mtoto ana selimundu, ana njaa au ana tezi iliyolegea. Hula fedha ambazo zingelipa nauli ya kwenda rufaa, na hula muda wa mifupa, ambao ni ghali kuliko fedha.

Liko jambo la mwisho, nalo ni moyo wa mtoto. Mtoto mfupi wa miaka 12 hubebwa, hupangusiwa pua na kusemeshwa kama wa miaka 7, na shuleni hupewa majina ya kumdunisha ambayo watu wazima huyacheka badala ya kuyakemea. Na apewe majukumu ya umri wake, si ya kimo chake: atumwe dukani na fedha za kuhesabu, akae na rika lake, na katika chumba cha daktari azungumziwe yeye mwenyewe, kwa kuwa mwili unaojadiliwa ni wake.

Wengi wa wazazi watakaofunga safari hii watarudi na jibu la kwamba mtoto ni mzima, na kwamba atakua kwa kadiri ya ukoo wake au kwa wakati wake. Wasidhani kwamba nauli imepotea. Wamenunua yakini, na yakini humpumzisha mtoto na lawama na dawa asizozihitaji. Wachache watarudi na jina la maradhi na njia ya kuyatibu, nao watashukuru kwamba walikwenda mifupa ikiwa bado inasikia. Ili makundi yote mawili yapate jibu la haki, itoeni kadi sandukuni wiki hii, mpimeni mtoto, andikeni tarehe na sentimita, kisha rudieni baada ya miezi 6.